Jiji Limebadilika, au Data Ndiyo Imebadilika? Kupima Maendeleo Endelevu ya Miji kwa Data Huria

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, maofisa mipango miji, watakwimu, walimu na wanafunzi, mabibi na mabwana, habari za asubuhi.

Tuanze na namba ambazo wengi wenu mmezisikia. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu 4,364,541. Sensa ya 2022 ikaukuta una watu 5,383,728. Ukipiga hesabu, hilo ni ongezeko la wastani wa asilimia 2.1 kwa mwaka, wakati kati ya 2002 na 2012 ongezeko lilikuwa asilimia 5.6. Mtu akizichukua namba hizo peke yake anaweza kupanda jukwaani akatangaza kwamba Dar es Salaam imepoa, presha ya ardhi imeshuka, mipango imezaa matunda. Halafu afungue ukurasa wa Mkoa wa Pwani: watu 1,098,668 mwaka 2012, watu 2,024,947 mwaka 2022, asilimia 6.1 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya jibu iko hapo. Jiji limevuka mpaka, limeingia Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo, na jedwali la mkoa limebaki linahesabu watu wa upande mmoja.

Hoja yangu leo ni moja. Kiashiria cha jiji kikipanda au kikishuka, swali la kwanza ni hili: kilichobadilika ni jiji lenyewe, au ni data, au ni mpaka, au ni njia ya kuhesabu? Faida kubwa ya data huria, yaani data iliyowekwa wazi ili yeyote aitumie, ni kwamba swali hilo linajibika. Faili lipo, hatua zimeandikwa, na yeyote mwenye kompyuta anaweza kuirudia hesabu. Ripoti ya PDF yenye chati za kupendeza huwezi kuihoji.

Lengo la 11 katika Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa ndilo la miji, na viashiria vyake vinavyoigusa halmashauri moja kwa moja havizidi vidole vya mikono miwili. Kuna makazi duni (11.1.1), usafiri wa umma (11.2.1), matumizi ya ardhi (11.3.1), taka ngumu (11.6.1), hewa (11.6.2) na maeneo ya wazi (11.7.1). Vingine vinapimika vizuri kwa picha za setilaiti na ramani huria. Vingine, hasa taka, havionekani kutoka angani hata kidogo. Sitavipa vyote muda sawa, kwa sababu havina ugumu sawa.

Mpaka kwanza

Kiashiria 11.3.1 kinalinganisha kasi ya mji kula ardhi na kasi ya watu kuongezeka. Kwa ardhi, chukua eneo lililojengwa mwaka wa mwisho, toa la mwaka wa mwanzo, gawanya kwa lile la mwanzo, kisha gawanya kwa idadi ya miaka. Kwa watu, gawanya idadi ya mwisho kwa ya mwanzo, tafuta logi asilia (ln kwenye kikokotoo) ya jibu hilo, kisha gawanya kwa miaka. Mwisho gawanya kasi ya ardhi kwa kasi ya watu. Ukipata 1, vinakwenda sambamba. Ukipata zaidi ya 1, mji unatawanyika haraka kuliko unavyojaa.

Tuweke namba. Za watu ni za sensa; za eneo ni za mfano tu, ili tuione hesabu ikifanya kazi. Tuseme eneo lililojengwa la mji wote ulioungana, pamoja na vipande vilivyoingia Pwani, lilitoka kilomita za mraba 500 likafika 700 ndani ya miaka 10. Hiyo ni asilimia 4 kwa mwaka. Ukiigawanya kwa asilimia 2.1 ya Dar es Salaam unapata 1.9, na magazeti yatapata kichwa cha habari. Ukijumlisha watu wa Dar es Salaam na wa Pwani yote, kasi ya watu inakuwa asilimia 3.05 na uwiano unashuka hadi 1.3. Picha ni zilezile, sensa ni ileile, majibu ni mawili. La kwanza limekosea kwa sababu limepima ardhi ng'ambo ya mpaka bila kuhesabu watu wanaoishi juu yake. La pili nalo limekosea, maana Mafia na Rufiji, ambazo nazo ni za Pwani, hazimo kwenye jiji hili kwa kipimo chochote.

Machi 2020 Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha njia ya kuondokana na tatizo hilo. Unaigawa nchi katika miraba ya kilomita moja kwa moja. Kila mraba wenye watu 1,500 au zaidi unauweka alama. Miraba yenye alama iliyopakana unaiunganisha, na kundi likifikisha watu 50,000 linahesabiwa kuwa jiji. Njia hii haijali mkoa wala wilaya. Haimwondolei mkurugenzi mipaka yake ya kisheria, kwa sababu bajeti bado inafuata mipaka hiyo, lakini inakupa mpaka wa kupimia ambao juu na chini ya mstari wa kugawanya vinazungumzia eneo lilelile. Chapisheni majibu yote mawili: la mpaka wa kisheria na la mpaka wa mji halisi. Tofauti kati yake ni taarifa yenye thamani, inawaambia ni kiasi gani cha jiji kinaishi nje ya mamlaka yenu.

Eneo lililojengwa linapatikana bure. Kituo cha pamoja cha utafiti cha Tume ya Ulaya kinatoa matabaka ya makazi ya dunia nzima, kila miaka mitano tangu 1975, yaliyotengenezwa kwa picha za setilaiti za Landsat na Sentinel-2. Hapo kuna mtego mmoja. Katika toleo la 2023, matabaka ya 2025 na 2030 ni makadirio ya kompyuta, hakuna setilaiti iliyoyaona. Ukilinganisha 2020 na 2025 ukadhani umepima ukuaji, ulichopima ni mawazo ya modeli juu ya ukuaji. Kosa hili hulioni kwenye ramani, kwa sababu rangi ni zilezile. Linaonekana tu kwa aliyesoma maelezo yaliyoambatana na faili, na sote tunajua ni wangapi huyasoma.

Lingine la kuangalia ni uwiano wenyewe. Idadi ya watu ikikua kwa asilimia 0.1, jibu litaruka hadi 30 au 40 hata kama ardhi iliyojengwa imeongezeka kwa asilimia 3 au 4 tu. Mji mdogo usiokua utaonekana umeharibika kuliko Nairobi. Kwa hiyo andikeni kasi zote mbili kando ya uwiano, kila mara.

Mita mia tano za nani?

Sasa usafiri. Kiashiria 11.2.1 kinauliza asilimia ngapi ya wakazi wanafika kituo cha usafiri wa umma kwa kutembea umbali wa kuridhisha. Maelezo rasmi yanasema mita 500 kwa usafiri wa uwezo mdogo na kilomita 1 kwa usafiri wa uwezo mkubwa. Wengi wakisikia hivyo wanaiweka mwendokasi kwenye kilomita 1, kwa kuwa mabasi ni marefu na yana njia yake. Lakini maelezo hayohayo yanayaweka mabasi ya mwendokasi pamoja na mabasi ya kawaida, kwenye mita 500. Kilomita 1 ni ya treni na vivuko. Kwa hiyo Dar es Salaam, Kivuko cha Magogoni kinapata kilomita nzima, na kituo cha Kimara kinapata nusu yake. Unaweza kubisha kwamba haina mantiki, na mimi mwenyewe naona ina kasoro, lakini ukibadilisha kimyakimya jibu lako halilinganishwi tena na la mji wowote. Na tofauti si ndogo: duara la nusukipenyo cha mita 500 lina kilomita za mraba 0.79, la kilomita 1 lina 3.14. Ni mara nne.

Nimesema duara, na hapo ndipo kosa la pili linapoingia. Kompyuta inachora duara kwa kubonyeza mara moja, na binadamu hatembei kwa duara. Maelezo rasmi yanataka umbali unaofuata njia za kutembea. Hata mahali ambapo mitaa imenyooka kama Kariakoo, eneo unaloweza kulifikia kwa mita 500 kutoka kona ya mtaa linakuwa na umbo la almasi lenye kilomita za mraba 0.5, yaani asilimia 64 ya duara. Hiyo ndiyo hali nzuri kabisa. Nenda pembezoni mwa bonde la Msimbazi, ambako kituo kinaonekana kwa macho upande wa pili na daraja liko mbali; duara linasema umefika, miguu inasema bado. Anayetumia duara anajipa alama za bure.

Hatua zenyewe kwa QGIS, programu ya ramani ambayo ni ya bure, ni hizi. Pakua barabara na njia za miguu kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na uandike tarehe ya kupakua. Badili faili kutoka digrii kwenda mita kabla ya kitu kingine chochote: kwa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa tumia UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, kanda ya 37 Kusini, namba 32737, Kisumu ni kanda ya 36 Kusini, Kampala 36 Kaskazini. Ukisahau hatua hii na kuandika 500, programu itadhani ni digrii 500, na digrii moja karibu na ikweta ni kilomita 111 hivi. Bahati nzuri kosa hilo linaonekana. Baya zaidi ni la mtu anayeandika 0.005 kwa kukisia, akapata ramani inayofanana na kweli.

Baada ya hapo kagua kama njia zimeungana. Kwenye OpenStreetMap mistari miwili inaweza kugusana kwa macho huku haina nukta ya pamoja, na kompyuta haitavuka hapo. Tafuta vipande vilivyojitenga na mtandao mkuu. Vikiwa vingi, asilimia yako itashuka bila kituo hata kimoja kuondolewa. Kisha weka vituo, pima eneo linalofikika kwa kila kimoja, yaunganishe yote kuwa umbo moja ili mtu aliye karibu na vituo viwili asihesabiwe mara mbili, na mwisho jumlisha watu walio ndani ya umbo hilo.

Vituo vyenyewe ni kazi. Vituo vya mwendokasi vya awamu ya kwanza vinajulikana: mabasi yalianza Mei 2016 kwenye njia za takriban kilomita 21 kwa jumla, kati ya Kimara na Kivukoni pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco. Daladala ni habari nyingine, kwa sababu abiria hushuka anaposema "shusha". Nairobi walilikabili jambo hili mapema. Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya MIT na Columbia vya Marekani walituma wanafunzi ndani ya matatu wakiwa na simu, wakarekodi njia na vituo, wakaviweka katika GTFS, muundo wa faili za njia na vituo unaotumiwa na miji ya Ulaya na Marekani, na mwaka 2014 wakatoa kila kitu bure. Somo la pale ni kwamba kituo ni mahali gari linaposimama kweli, siyo mahali bango liliposimikwa. Na faili la 2014 bila kusasishwa ni historia ya matatu za 2014.

Kiashiria hiki pia ni cha siku ya jua. Mvua kubwa ikinyesha na Jangwani ikajaa maji, huduma ya Barabara ya Morogoro inasimama, wakati asilimia yetu haitikisiki. Anayetaka kuwa mkweli aipige hesabu mara mbili, ya pili ikiwa imeondoa barabara zinazofungwa na mafuriko. Ramani za mafuriko za Dar es Salaam zipo, na nyingi ni huria.

Ramani ilipokua kuliko mji

Ramani hizo za mafuriko zipo kwa sababu ya kazi ambayo wengine hapa mlishiriki. Mwaka 2011 vijana na wakazi wa Tandale walichora mtaa wao kwenye OpenStreetMap, miaka miwili baada ya wenzao wa Kibera kufanya hivyo. Mwaka 2015 ikaanza Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia kata kwa kata pamoja na wakazi, wakachora majengo, vichochoro, mitaro, makalvati, visima na mipaka ya mitaa. Zanzibar nako ndege zisizo na rubani zikapiga picha za visiwa kuanzia 2016. Kwa Afrika Mashariki hii ni hazina.

Sasa chukua faili la OpenStreetMap la Dar es Salaam la mwanzoni mwa 2015 na la miaka mitatu baadaye, uhesabu urefu wa njia na idadi ya majengo. Utaona ukuaji ambao hakuna mkandarasi duniani angeuweza. Majengo mengi ya Tandale na Manzese yalikuwepo tangu enzi za wazee wetu. Yaliyoongezeka ni mikono ya wachoraji. Na tazama jinsi linavyoingia kwenye usafiri: kabla vichochoro havijachorwa, kompyuta ilidhani mkazi wa katikati ya Tandale hana pa kupita kufika barabarani. Vilipochorwa, asilimia ikapanda. Waziri anaweza kupewa pongezi za kichochoro kilichokuwepo kabla hajazaliwa.

Dawa ipo, na haihitaji fedha. OpenStreetMap inahifadhi historia ya kila mstari, kwa hiyo unaweza kuona kitu kiliwekwa lini na nani. Lakini tarehe ya kuchorwa siyo tarehe ya kujengwa. Kwa mabadiliko ya mji tumia picha za setilaiti za miaka yote miwili, halafu tumia ramani ya leo, iliyokamilika, kwa miaka yote miwili, ukiondoa kile ambacho picha ya zamani inaonyesha hakikuwepo. Ni kazi ya macho na subira. Vilevile pima ukamilifu: chagua miraba michache kwa nasibu, hesabu majengo kwenye picha, linganisha na yaliyochorwa. Ukikuta kata moja ina asilimia 95 na nyingine 40, usizilinganishe kwa chochote.

Majengo yanayotambuliwa na kompyuta yanasaidia pale ambapo wachoraji hawajafika. Seti ya Open Buildings ya Google, iliyoanza na Afrika mwaka 2021, inalipatia kila jengo alama ya uhakika kati ya 0.65 na 1 katika toleo la tatu. Aliyeweka kikomo 0.65 na aliyeweka 0.8 watapata miji miwili tofauti. Kwenye makazi yaliyobanana, ambako bati linagusana na bati, nyumba nne zinaweza kusomwa kama moja. Andikeni kikomo mlichotumia kwenye safu ya kwanza ya jedwali, siyo ukurasa wa 60 wa kiambatisho.

Na watu je? Sensa hutoa idadi kwa kata na mitaa, lakini kwa hesabu ya mita 500 unahitaji kujua watu wako wapi ndani ya kata. WorldPop ya Chuo Kikuu cha Southampton inagawa watu wa sensa kwenye miraba ya takriban mita 100. Mgawanyo huo unafanywa na modeli inayotazama vitu kama barabara, taa za usiku na majengo. Hapa wataalamu wazuri kabisa hujikwaa. Ukitumia watu waliogawanywa kwa kufuata barabara ili kupima ukaribu wa watu na barabara, jibu limepikwa kabla hujawasha jiko. Ukitumia mgawanyo uliotegemea taa za usiku kupima upatikanaji wa umeme, vivyo hivyo. Soma orodha ya vilivyoingia kwenye modeli kabla ya kuitumia, na kwa usafiri wa miji yetu chagua toleo linaloweka watu mahali penye majengo tu. Lile jingine linatawanya watu kidogokidogo kila mahali, mpaka kwenye msitu wa Pugu.

Kuhusu makazi duni nitasema kwa ufupi. Kigezo kina mambo matano: maji, choo, uimara wa nyumba, nafasi ya kutosha, yaani wasizidi watatu kwa chumba, na usalama wa kumiliki au kupanga. Watu wanapenda kuchukua utafiti wa afya na demografia na kuchora ramani ya kata. Haiwezekani. Nukta za utafiti huo husogezwa makusudi hadi kilomita 2 mijini ili kulinda siri za kaya, na kilomita 2 kutoka Masaki zinaweza kukuangusha kwenye kata ya watu wa kipato kingine kabisa. Tumieni sensa, ambayo ina mengi ya maswali hayo.

Taka hazionekani angani

Kiashiria 11.6.1 kinataka asilimia ya taka ngumu zinazokusanywa na kufikishwa kwenye kituo kinachosimamiwa, kati ya taka zote zinazozalishwa. Halmashauri nyingi hutoa asilimia ya taka zilizokusanywa, na zinazozalishwa huchukuliwa kwa makisio ya zamani ya kilo kwa kila mtu. Namba iliyo juu ya mstari wa kugawanya imepimwa, iliyo chini imekisiwa.

UN-Habitat ina utaratibu wa kupima ambao halmashauri inaweza kuufuata kwa watu wachache na mizani. Unachagua maeneo tisa, matatu ya kipato cha juu, matatu ya kati na matatu ya chini, na kaya kumi katika kila eneo. Kila kaya inapewa mfuko kila siku kwa siku nane. Taka za siku ya kwanza zinatupwa bila kuhesabiwa, kwa kuwa mfuko wa kwanza hubeba uchafu uliokuwa umelala ndani ya nyumba siku kadhaa. Siku saba zinazobaki unapima kilo, unagawanya kwa idadi ya watu waliokula na kulala pale, na unazichambua kwa aina: mabaki ya chakula, plastiki, karatasi, vyuma, vioo, na kadhalika.

Mambo yanayoharibu kazi ni madogo. Mama mwenye nyumba akiona anapimwa anaanza kufanya usafi mkubwa, au kinyume chake anaona aibu na kuzichoma nyingine uani. Jirani naye anatumbukiza zake kwenye mfuko wa bure. Mfuko unaachwa nje usiku, mvua inanyesha, asubuhi kilo zimepanda kwa maji. Na msimu: wiki ya maembe siyo wiki ya kawaida, maganda na kokwa ni mazito. Pwani kuna madafu pia. Pimeni angalau mara mbili kwa mwaka, masika na kiangazi, kisha muandike tarehe.

Upande wa dampo, bila mizani ya malori watu huhesabu safari na kuzizidisha kwa tani zilizoandikwa ubavuni. Lori la tani 7 likijazwa majani na maboksi linaweza kubeba nusu ya hizo. Pimeni ujazo wa bodi, kisha pimeni uzito wa taka kwa pipa la lita zinazojulikana kutoka malori kadhaa, ndipo mzidishe. Halafu "kituo kinachosimamiwa" kina vigezo: uzio, geti, kumbukumbu za kuingia, kushindilia na kufunika, kuzuia moto. Kuna madampo yanayoandikwa kuwa yanasimamiwa kwa sababu tu kuna mlinzi. Na wakusanya chupa na vyuma nao wahesabiwe, kwani tani zinazopita mikononi mwao hazifiki dampo, na zisipoandikwa zinaonekana kama zimepotea.

Hewa inahitaji maneno machache. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 ni mikrogramu 5 za chembe laini za PM2.5 kwa mita ya ujazo, wastani wa mwaka. Vipimaji vya bei nafuu hutumia mwanga unaotawanywa na chembe, na chembe zikinyonya unyevu huvimba, hivyo asubuhi ya Mombasa au Tanga kipimaji kinaweza kusoma zaidi ya ukweli. Lazima kikae kwanza wiki kadhaa kando ya kifaa cha marejeo, ili upate mlinganyo wa kukirekebisha unaozingatia unyevu na joto. AirQo ya Chuo Kikuu cha Makerere imefanya kazi hii kwa vifaa vilivyotengenezwa Kampala kwa ajili ya vumbi na joto la huku, na ni mahali pazuri pa kujifunzia.

Kuchapisha

Data huria ni faili ambalo kompyuta inaweza kulisoma, lenye leseni inayomruhusu mtu kulitumia. Jedwali lililochapwa, likasainiwa, likagongwa muhuri na kuskaniwa, halimo, hata likiwekwa kwenye tovuti. Toeni CSV, faili la jedwali ambalo programu yoyote inaweza kulifungua. Leseni ya CC BY, inayomtaka mtumiaji ataje chanzo tu, inatosha kwa takwimu zenu. Mkichanganya na OpenStreetMap, kumbukeni leseni yake inawataka mtaje chanzo na kuitoa hifadhidata iliyotokana nayo kwa masharti yaleyale.

Tumieni namba za msimbo wa kata, msiunganishe majedwali kwa majina. Kijitonyama kwenye faili moja ni Kijito Nyama kwenye jingine, na kompyuta inaona kata mbili. Mipaka nayo huhama: Ubungo na Kigamboni zimekuwa manispaa baada ya sensa ya 2012, na Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa, Ilala ikapewa hadhi ya jiji. "Jiji la Dar es Salaam" kwenye jedwali la 2019 na kwenye la 2022 ni maeneo tofauti yenye jina moja. Hifadhini faili la mipaka la kila mwaka, na msilifute la zamani mnapopata jipya.

Sheria nayo ina historia yake. Nchini Tanzania marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalifanya kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali kuwa jambo la hatari, na marekebisho ya 2019 yakalegeza hilo. Nalitaja kwa sababu bado naona maofisa wanaogopa kutoa hata idadi ya malori. Kinachopaswa kuogopwa ni kingine: nukta za kaya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ile ya Kenya ya 2019, haziruhusu kuanika nyumba ya mtu na majibu yake. Toeni jumla za mtaa, na pale ambapo jumla ni ya kaya chache, unganisheni mitaa miwili.

Jambo la mwisho ni ratiba. Mwaka 2025 mambo mawili yalitokea ndani ya wiki chache: Marekani ilisimamisha programu ya tafiti za afya na demografia, na Machi ikaacha kuweka hadharani vipimo vya hewa vya balozi zake. Vyote viwili vilikuwa vyanzo tulivyovitegemea bila kuvilipia. Sensa ijayo ya Tanzania, kwa desturi ya miaka 10, ni 2032, miaka miwili baada ya Malengo haya kufikia kikomo. Kenya itahesabu 2029, kama ratiba itashika. Maana yake ni kwamba kwa Tanzania kila asilimia ya watu itakayoandikwa kwenye ripoti ya 2030 itakuwa imesimama juu ya makadirio, na makadirio hayo yatakosea zaidi palepale mji unapokua haraka, yaani Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo. Halmashauri inayotaka kujua ukweli kabla ya hapo ichague mitaa 20 au 30 kwa nasibu, nusu yake pembezoni, ihesabu kaya na watu kila mwaka kwa kushirikiana na wenyeviti wa mitaa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na iziweke hadharani jumla za kila mtaa, pamoja na fomu iliyotumika na tarehe ya kuhesabu.

Asanteni. Tunaweza kuingia kwenye maswali.